Kopo la Biskuti na Mafungu 40: Vipi Stempu za Zamani Hupata Bei

(Mhadhara uliotolewa Mpendae, Unguja)



Nimetakiwa nizungumze juu ya stempu za zamani na thamani yake. Nitaanza na kopo, kwa sababu bila ya kopo hilo nisingelisimama hapa leo. Alasiri moja nimekaa barzani kwangu, mtaa wa pili kutoka ukumbi huu, akaja mama mmoja jirani amekumbatia kopo la biskuti la bati, limefungwa kwa kipande cha kanga.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba mwanangu, karibu kitako."

Akakaa, akafungua fundo. Kopo limejaa hadi juu. Stempu nyingine zimebandikwa kwenye kurasa za daftari la skuli, nyingine zimemwagwa tu kama mpunga, na chini kabisa mna bahasha chache zilizokunjika. Baba yake alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Nyumba imeshatiwa bei, shamba limeshajulikana, vyombo vimeshagaiwa, limebaki kopo. Kaka yake mkubwa amesikia redioni kwamba stempu moja imeuzwa Marekani kwa mamilioni ya dola, basi macho hayabandui. Kaka wa pili anasema ni takataka, litiwe moto lisije likaleta fitina. Warithi ni mjane, watoto wawili wanaume, na yeye binti. Mafungu yanatoka 40: mjane 5, kila mwanamume 14, mwanamke 7. Hesabu hiyo haimtoi mtu jasho. Jasho linamtoka anayetaka kujua ni 40 ya kitu gani.

"Sasa maalim," akaniuliza, "hili kopo kiasi gani?"

Nikamwomba aniachie siku nne.

Kaka mkubwa hakusikia uwongo. Stempu hiyo ipo. Ilitolewa British Guiana mwaka 1856, bei yake juu ya karatasi ni senti 1, na inayojulikana duniani ni moja tu. Mwaka 2014 ilipigwa mnada New York ikafika dola milioni 9 na laki 4 na zaidi. Mwaka 2021 ikapigwa mnada tena hapo hapo, ikapata kama dola milioni 8 na laki 3. Karatasi ni ile ile, imezidi umri wa miaka saba, na bei imeshuka kwa zaidi ya dola milioni moja. Kwa hivyo anayekwambia stempu ikizeeka inapanda bei, mpe mfano huo. Na akikaidi mpe wa pili: stempu ya kwanza duniani, ile nyeusi ya Uingereza ya mwaka 1840, ina umri mkubwa kuliko ya British Guiana kwa miaka 16. Lakini zilichapwa zaidi ya milioni 68, na mpaka leo mtu wa mshahara wa kawaida akijibana anaweza kununua moja iliyochakaa.

Kama si umri, na si bei iliyoandikwa juu yake, ni kitu gani? Mimi nasema hivi: stempu ni risiti. Inashuhudia kwamba mtu fulani alilipa ili barua ichukuliwe kutoka pahala fulani kwenda pahala fulani, siku fulani. Safari ikishakwisha, risiti ingelistahiki kutupwa. Anayetoa fedha kuinunua baada ya miaka 100 anaununua ule ushahidi. Ushahidi ukiwa wazi na adimu, na wako watu wanaoutaka, bei hupanda. Ukifutika, mnabaki na kipande cha karatasi kilichopakwa gundi.

Hapa kwetu Unguja tuna mifano ya jambo hili ambayo nchi nyingi kubwa hazina. Waingereza wa India walifungua posta Zanzibar mwaka 1868, wakaifunga mwaka uliofuata, wakaifungua tena 1875. Stempu iliyouzwa hapo ni ya India, ile ile inayouzwa Bombay, yenye sura ya Malkia Victoria, bila ya neno Zanzibar popote. Mwaka 1889 Wafaransa nao wakafungua posta yao, ikadumu hadi 1904. Kisha Agosti 1890, wiki chache baada ya ule mkataba ambao Uingereza ilimpa Mjerumani kisiwa cha Heligoland na yenyewe ikabaki na Zanzibar, Wajerumani wakafungua wakala wa posta hapa, wakaufunga Julai 1891. Katika mji ambao mtu anauzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa, kulikuwa na posta tatu za mataifa matatu, na mfanyabiashara wa Shangani akichagua kwa kutazama meli ya nani inaondoka kwanza.

Sasa chukueni stempu mbili za India za nusu ana, pacha, zimetoka katika karatasi moja. Moja imepigwa muhuri wa Bombay, nyingine muhuri wa Zanzibar. Ya Bombay utaipata kwa bei ya andazi. Ya Zanzibar itakutoa jasho, na ya Mjerumani ya ile miezi 11 itakutoa zaidi. Kwa jicho la mtoto, muhuri ndio uliochafua stempu. Kwa jicho la mjuzi, muhuri ndio mali, na stempu imeubeba tu.

Hapo nina jambo la kukiri. Mimi nilikuwa mtoto wa skuli wakati wa Mapinduzi, na nilikusanya stempu kama wenzangu walivyokusanya gololi. Barua zikija nyumbani, mama akishasomewa, bahasha ni yangu. Nakata kona kwa mkasi, naitia kwenye beseni la maji, stempu inajibandua, naianika juu ya gazeti. Mojawapo ninayo mpaka leo. Imepigwa neno JAMHURI juu yake, na katika ubavu wake pamebaki kipande cha muhuri chenye herufi nne: ZANZ. IBAR na tarehe vilibaki kwenye bahasha, na bahasha mama aliwashia jiko la makaa. Kwa mkasi ule niligeuza shahidi wa mwaka 1964 kuwa pambo. Wala sikuwa peke yangu. Sehemu ya kopo la jirani yangu ilikuwa ni kazi ya mkasi na beseni, na nyumba nyingi za Ng'ambo na Mji Mkongwe zina makopo kama hayo. Tena maji yenyewe si salama. Baadhi ya stempu za makoloni ya Waingereza, hasa za kijani na za zambarau, zilichapwa kwa wino wa makusudi unaoyeyuka, ili mtu asiweze kufuta muhuri akaitumia stempu mara ya pili. Ukiitia kwenye beseni unatoa kitu kilichofifia kama leso iliyofuliwa miaka kumi.

Siku ya kwanza nilitandika mkeka nikachambua. Fungu kubwa, karibu robo tatu ya kopo, lilikuwa stempu za Tanzania za miaka ya 1980 na 1990: dinosauri, samaki, wachezaji sinema. Ni nzuri kuzitazama. Lakini geuzeni upande wa nyuma: gundi ipo nzima, haijaguswa na ulimi wala maji, na huku mbele muhuri umekaa konani, safi kama umepimwa kwa rula. Stempu hiyo haikupanda gari wala ndege. Ilipigwa muhuri kwa mafurushi ili iuzwe kwa wakusanyaji wa nje kupitia mawakala. Ni risiti ya safari isiyofanyika. Fungu lile nililitia kwenye mfuko mmoja na kuliandikia bei ya mfuko, maana kuhesabu moja moja kungelinigharimu muda wenye thamani kuliko zenyewe.

Chini yake zilikuwepo za Masultani. Novemba 1895 posta ilipotoka mikononi mwa Idara ya Posta ya India, hapakuwa na stempu za Zanzibar tayari, basi zikachukuliwa za India zikapigwa chapa ya neno "Zanzibar" hapa hapa, katika mtambo uliochapa gazeti la Zanzibar Gazette. Herufi zilipangwa kwa mkono, moja moja. Mpangaji akachoka, au taa ilikuwa ndogo, katika baadhi ya pahala akatia d pahala pa b, na stempu zikatoka zimeandikwa "Zanzidar". Kosa hilo moja limepandisha bei ya karatasi mara nyingi mno kuliko wenzake waliokuwa sahihi. Nasikia mnacheka. Mwalimu wa imla angelimkata alama.

Lakini kosa lenye bei huzaa wezi. Stempu ya kawaida ya India ya zamani ile ni rahisi kuipata, na neno moja jeusi ni rahisi kulichapa. Ndiyo maana hakuna mnunuzi mwenye akili anayetoa fedha za "Zanzidar" bila ya cheti. Kipo chama cha Royal Philatelic Society cha London, kilichoanzishwa mwaka 1869, chenye jopo la wajuzi wanaotazama stempu na kutoa cheti chenye picha yake: ya kweli, ya bandia, au imetengenezwa. Bila cheti unauza maneno yako, na kwa Zanzidar maneno ya mtu hayapati mnunuzi.

Ziko pia zile za bei kubwa, na hizi ndizo zinazowaponza watu. Enzi ya Seyyid Ali bin Hamoud, mwaka 1908, na tena enzi ya Seyyid Khalifa bin Haroub, zilitolewa stempu za rupia 10, 20, 50, 100, mpaka 200. Mtafahamu ukubwa wake mkijua kwamba mwaka 1936, fedha ilipobadilishwa kuwa shilingi za Afrika Mashariki, rupia moja ilihesabiwa shilingi moja na nusu. Barua gani ya kulipiwa rupia 200? Nyingi ziliishia kwenye hati na mikataba, zikakatwa kwa kalamu au kwa mhuri wa ofisi, si wa posta. Stempu hiyo hiyo ikiwa imetumika kweli kwenye posta ina bei yake, na ikiwa imetumika kwenye hati ina bei nyingine, ya chini sana. Basi watu wakaosha wino wa kalamu kwa dawa na kupiga muhuri wa posta wa bandia juu yake. Katika kopo ilikuwemo moja ya rupia 10. Niliiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, nikaona chini ya muhuri mstari hafifu wa kahawia unakwenda mshazari, kama njia ya chungu. Kalamu ilikuwa imepita hapo kabla. Kaka mkubwa nilipomwonesha hakusema kitu kwa muda mrefu.

Pia hali ya stempu. Mkusanyaji anatazama meno ya pembeni, yote yawepo. Sura ikae katikati. Nyuma pasiwe na upara, yaani pahala ambapo karatasi imechunika ikabaki utando. Nchi yetu ni adui wa mambo haya. Masika yakiingia, gundi inalainika, stempu mpya zinagandana ndani ya albamu. Unyevu unaleta vidoa vya rangi ya kutu, na mende nao wanaipenda gundi kama halua. Marehemu aliliweka kopo juu ya kabati ya chumba cha kulala, akatia karafuu ndani. Sijui kama karafuu iliwazuia wadudu, ila kila nilipolifungua nilisikia harufu ya Pemba.

Siku ya tatu nikatafuta bei. Watu wengi wanakimbilia kitabu. Kwa stempu za iliyokuwa himaya ya Waingereza, kitabu kinachotajwa sana ni cha Stanley Gibbons wa London. Tatizo ni namna kinavyosomwa. Bei iliyochapwa mle ni ile ambayo duka lenyewe lingetaka kwako wewe mnunuzi, kwa stempu iliyo katika hali nzuri. Wala bei ya chini kabisa si ya stempu, ni ujira wa yule aliyekaa akaitafuta, akaitia kwenye bahasha na kuiandika. Ukienda wewe kuuza, umekaa upande wa pili wa meza. Kwa nilivyoona, stempu nzuri inayotafutwa utapewa nusu ya bei ya kitabu ukiwa na bahati, ya kawaida robo au chini yake, na za senti senti hutapewa kitu. Kaka mkubwa alikuwa ameshapata kitabu cha zamani mahali, akajumlisha stempu zote za kopo kwa penseli, akapata fedha za kununulia gari. Nilimuuliza: hilo gari atakuuzia nani kwa stempu hizi?

Bei ninayoiamini ni ya mnada uliokwisha fanyika: stempu kama hii, katika hali kama hii, mtu fulani kweli alilipa. Lakini hata hapo pana kukata. Tuseme nyundo imegonga kwenye 100,000. Mnunuzi anaongezewa ada ya dalali juu yake, na muuzaji anapunguziwa ujira. Wewe mrithi unaondoka na 80,000 pengine, na bado hujatoa posta na bima. Kwa mirathi nilishikilia hilo hilo la mwisho, kitakachoingia mkononi, kwa sababu mafungu 40 hugawa kilichopo, na mjane hawezi kula bei ya kitabu.

Mahitaji nayo yana mikono yake. Mwaka 1944 Zanzibar ilitoa stempu za kuadhimisha miaka 200 ya utawala wa Al Busaidi, na Muscat siku hizo hizo zikatolewa stempu za India zilizopigwa chapa kwa Kiarabu kwa sherehe ile ile. Unguja wengi walizisahau. Lakini kuna watu Muscat wenye asili ya hapa ambao wanapenda kuziona mbili hizo zimekaa ukurasa mmoja, na anayeuza kwa mtu mwenye kumbukumbu si sawa na anayeuza kwa mpita njia. Au mtazameni yule kijana aliyezaliwa hapa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilikuja kumwita Freddie Mercury. Utotoni alikuwa na albamu ya stempu, kazi ya mtoto hasa, amezipanga kwa maumbo na rangi. Zamo za Zanzibar pia. Mwaka 1993, miaka miwili baada ya kufariki kwake, albamu hiyo iliuzwa mnadani London na sasa imo katika jumba la makumbusho la posta la Uingereza. Ukizing'oa stempu zile ukaziuza moja moja, hazifiki mbali. Zikiwa ndani ya albamu yake zina bei, kwa sababu zimeshuhudia mkono wa nani ulizipanga. Msije mkaniletea albamu zenu mkasema babu alicheza na Farrokh. Hilo nalo litataka cheti.

Sasa nirudi chini ya kopo, kwenye zile bahasha. Nyingi hazikuwa na jambo. Moja ilinifanya niondoe miwani, niifute, niivae tena. Ni bahasha ndogo ya buluu, imetumwa Unguja kutoka Chake Chake, muhuri unasomeka wote: Februari 1964.

Disemba 10, 1963 Zanzibar ilipopata uhuru zilitolewa stempu nne zenye sura ya Sultan Jamshid, mojawapo ikiwa na mlango wa kuchongwa wa Zanzibar, nyingine pango la Mangapwani. Baada ya mwezi mmoja na siku mbili yakaja Mapinduzi. Posta ilikuwa na akiba ya stempu za mfalme asiyekuwepo, na barua lazima ziende. Wakatengeneza mhuri wa mkono, JAMHURI 1964, wakagonga juu ya zile stempu moja moja, nyingine zimekaa sawa, nyingine zimepinda, nyingine kichwa chini. Baadaye zikaja zilizochapwa kwa mashine Uingereza, safi na zilizonyooka. Ya mashine ni ya kawaida. Ya mkono ndiyo inayotafutwa, na kwa kuwa mhuri wa mpira mtu yeyote anaweza kuuchonga, ndiyo inayoghushiwa.

Kwa hiyo nikachukua kikuza. Nilichokuwa nakitafuta ni kipi kimekaa juu ya kipi. Kama mtu ameghushi JAMHURI miaka ya baadaye juu ya bahasha ya zamani, wino wake utapanda juu ya muhuri wa posta. Pale herufi ya mwisho ya JAMHURI ilipokutana na duara la Chake Chake, duara ndilo lililopita juu, jeusi, bila kukatika. Nyuma pana muhuri wa kupokelewa Unguja siku mbili baadaye. Barua ilisafiri kweli, kwa stempu ile, katika wiki zile. Ile yangu ya ZANZ nilikuwa nayo mezani pembeni yake, na nilijionea haya.

Nikawaita wote wanne. Nikawaambia kopo zima, ukiitoa bahasha hii, halifiki bei ya baiskeli mpya. Bahasha hii peke yake huenda ikalizidi kopo, ila kwanza ipelekwe London ipate cheti, na ada ya cheti na usafiri itoke katika mali ya marehemu kabla ya mgawo. Kaka wa pili, yule wa kutia moto, akauliza atamwamini nani kuipeleka. Wakaanza kubishana.

Mjane alikuwa kimya. Akaomba aione. Akaishika mbali kidogo na macho, kama wafanyavyo wazee, akasoma anuani.

"Huu mkono wangu," akasema. "Nilikuwa kwetu Chake. Hatujaoana bado."

Binti yake akacheka, kisha akanyamaza. Nikamweleza bibi, kwa adabu, kwamba barua ikishapokelewa ni mali ya aliyepelekewa, kwa hivyo bahasha imo katika urithi wa mumewe, na yeye katika maandishi yake mwenyewe ana mafungu 5 katika 40. Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyejibu swali ambalo hakuulizwa.

"Na hiyo London," akasema, "ipelekwe kufanya nini? Barua hii imeshafika ilikokuwa ikienda."

Kwenye karatasi ya mirathi tuliandika: bahasha moja ya buluu, imechukuliwa na mjane kwa ridhaa ya warithi wote, haikutiwa bei. Kopo lililobaki liliuzwa kwa jumla, na fungu la binti lilitosha kununua kanga doti mbili.